Kadi Iliyotangulia

Mama mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kadi, alikuwa na sharti moja tu katika kazi yake: hatengenezi kadi ya rambirambi ya mtu ambaye bado anapumua. Mengine yote aliweza kuyalegeza. Mwanamume aliyesahau siku ya kuzaliwa ya mkewe angekuja mbio jioni, akasemwa kidogo, akaambiwa akae kwenye kigoda na asiguse kitu, kisha akaondoka na kadi ambayo gundi yake haijakauka. Bibi harusi aliyebadili rangi mara tatu alivumiliwa. Lakini kukitangulia kifo, hapana. "Mimi si nabii," alikuwa akisema. "Mimi ni mkata karatasi."

Na kweli alikuwa mkata karatasi. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye kiwanda cha uchapaji akikata, mpaka kiwanda kikafungwa, akatoka na rula ya chuma, visu viwili, na vidole vinavyojua unene wa karatasi kwa kuigusa tu. Meza ya kulia chakula akaihamishia chumba cha mbele ikawa ya kazi. Mimi nilikuwa nimepanga nyumba ya pili na jioni nilikula kwake, sahani mapajani, maana mezani hapakuwa na nafasi hata ya kijiko. Kijiko chenyewe kilikuwa kazini: mgongo wake ndio aliobania mikunjo ya kadi. Maua aliyakausha ndani ya vitabu vinene vya sheria alivyopewa na wakili mmoja mstaafu. Alipenda kusema kwamba sasa angalau vitabu vile vinamsaidia mtu.

Kila mwezi alikuja mtu wa maji kusoma mita yake. Jina lake lilikuwepo, lakini kwetu alikuwa Bwana Mita, na nadhani hata watoto wake walikaribia kumwita hivyo. Alichuchumaa pale getini, akafunua kifuniko, akasoma tarakimu kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo mbele za watu. Alikuwa na tabia hiyo: kila kilichoandikwa alikisoma kwa sauti, liwe gazeti au karatasi iliyofungiwa karanga.

"Mama Kadi, mwezi huu umekunywa kama ngamia!"

"Nanawa gundi, Bwana Mita. Wewe soma, usihukumu."

"Dada, mimi nimeumbwa kusoma tu. Wa kuhukumu wapo ofisini, wanakaa kwenye viti."

Ikawa hivyo kwa miaka. Halafu miezi miwili akaja kijana mwingine, na tukaambiwa kwamba Bwana Mita ini linamsumbua, macho yamekuwa ya njano, yuko nyumbani.

Wakati huo binti wa mama mdogo, binamu yangu wa pekee kwa upande ule, alikuwa na mimba ya kwanza, mbali, safari ya siku nzima. Mama mdogo alikuwa ameshapanga kwenda kukaa naye mwezi mmoja. Sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda tangu wiki iliyotangulia, kila siku likiongezwa kitu. Angesafiri Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo akapigiwa simu na katibu muhtasi wa ofisi ya maji, mwanamke mmoja mwepesi wa maneno na wa kazi. Alitaka kadi ya ugua pole kwa Bwana Mita. Wafanyakazi kumi na mmoja, majina yote yaandikwe ndani. Mama mdogo akasema sawa. Kisha katibu akashusha sauti.

"Na ile nyingine pia, mama. Uiandae kabisa."

"Ipi?"

"Ile ya familia. Mkewe ameniambia mimi tu, kwa siri. Daktari kasema wiki mbili, zikizidi sana tatu. Mwenyewe hajui. Na wewe unasafiri mwezi mzima."

"Mwanangu, hizo siandiki kabla."

"Najua. Lakini ukiondoka nitamwendea nani? Nikanunue ile ya dukani yenye mishumaa ya dhahabu? Kwa Bwana Mita?"

Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba hicho ndicho kilichomshinda. Alizifahamu zile kadi za dukani, maneno yake ni yaleyale kwa mfu yeyote. Akafikiri: huyu mtu amechuchumaa getini kwangu miaka kumi na minne, na mimi ndiye ninayeweza kusema alikuwa mtu wa namna gani. Akakubali.

Aliifanya ile ya ugua pole kwa karatasi ya manjano iliyopauka, akaibandika jani dogo la kijani. Ile nyingine aliikata kwa karatasi nyeupe nzito, pembeni akaipiga mstari wa zambarau iliyokolea, ndani akaandika kwa mkono wake bora kabisa. Zote mbili zilikuwa za kipimo kimoja, kwa sababu ofisi ile siku zote iliagiza kipimo kimoja. Bahasha nazo zilikuwa sawa. Kwa kawaida mteja alikuja, akaiona kadi, akairidhia, ndipo bahasha ikafungwa mbele yake. Safari hii katibu alikuwa amesema atamtuma dereva, basi zifungwe kabisa. Mama mdogo akaandika kwa penseli nyuma ya kila bahasha, herufi ndogo: moja "ugua", nyingine "baadaye". Akiwa na kadi mkononi, simu ikalia. Binti yake. Miguu imevimba, kichwa kinauma, mkunga amemwambia alale upande wa kushoto. Mama mdogo akaibana simu kati ya sikio na bega, akawa anauliza na kujibu, anauliza na kujibu, na mikono ikaendelea na kazi iliyoizoea.

Mikono ilikosea.

Alhamisi alasiri, wafanyakazi watatu wa ofisi ya maji walikwenda nyumbani kwa Bwana Mita na ile bahasha iliyoandikwa "ugua". Walimkuta ameegemezwa mito kwenye kochi la sebuleni, amekonda, lakini mdomo ni uleule. Alifurahi kuona bahasha. Akaujua mkono. "Hii ni ya Mama Kadi," akasema, "hakuna mwingine anayefunga bahasha kama anafunga kidonda." Akafungua, na kama ilivyokuwa desturi yake, akasoma kwa sauti.

"Kwa mke na watoto wa mwenzetu mpendwa." Akatabasamu, akidhani ni utani. Wenzake waliutambua utani wao wote, na huo haukuwemo. "Tumempoteza mtu aliyejua mlango wa kila nyumba katika mji huu na ambaye..."

Hapo akanyamaza. Waliokuwepo wanasema hakuitupa ile kadi. Aliisoma yote mpaka chini, kimya, majina yote kumi na moja, yakiwemo ya wale watatu waliokaa mbele yake na glasi za maji mkononi. Kisha akaifunga, akaiweka juu ya paja.

Katibu alimpigia mama mdogo simu kabla ya saa kumi na moja. Nilikuwa pale, nikila. Nilimwona akisikiliza, kisha akaketi chini, sakafuni, si kwenye kiti, akiwa ameegemea mguu wa meza. Nikadhani ni habari ya binti yake.

"Nimemuua," akasema. "Nimemuua mtu kwa kalamu."

"Nani, mama mdogo?"

Aliinuka, akaifungua ile droo ya nakala, maana kila kadi aliweka jaribio lake la penseli, akatoa la kadi ya zambarau, akalichana vipande. Ilikuwa kazi bure. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alilijua hilo kuliko mimi, lakini mikono ilitaka kufanya kitu.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwao. Nilimsindikiza. Njiani mara moja tu alisimama akaniuliza kama kitambaa chake kichwani kimekaa sawa. Mke wa Bwana Mita ndiye aliyefungua mlango. Ni mwanamke mrefu, mshonaji wa sare za shule, na macho yake siku hiyo yalikuwa mekundu kama aliyepikia kuni mbichi.

"Umekuja kuangalia kama imefanya kazi?" akauliza.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Kosa ni langu. Si la ofisi."

"Radhi uliyoibeba nenda nayo."

Sauti ikatoka ndani, dhaifu lakini ya kuamrisha. "Mwache apite."

Tukapita. Alikuwa amehamishiwa chumbani. Nilishtuka, sikutegemea mtu aweze kupungua kiasi kile. Kadi ilikuwa juu ya stuli kando ya kitanda, karibu na chupa ya maji. Mama mdogo alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Inuka, dada. Utanifanya nijione nimekufa kweli." Akavuta pumzi. "Umeniandika vizuri. 'Alijua mlango wa kila nyumba.' Hayo ni maneno ya ofisi au yako?"

"Yangu."

"Nilijua. Ofisini hawajui natembea." Kisha utani ukamtoka usoni, kama taa iliyozimwa. "Sasa nisikilize. Nimelala nikiwaza usiku kucha. Bahasha inaweza kukosewa. Lakini kabla ya bahasha kukosewa, kadi lazima iandikwe. Nani alikwambia uiandike?"

Mke alikuwa amesimama nyuma yetu. Niligeuka kidogo, nikamwona akitikisa kichwa, mkono juu ya kinywa: usimwambie, usimwambie. Mama mdogo naye alimwona. Alisema baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kusimama mahali pabaya kama pale, mbele mtu anaomba ukweli, nyuma mtu anaomba uongo, na wote wawili wana haki.

"Mimi si daktari," alisema mwishowe, polepole. "Sijui kitu ambacho wengine hawakijui. Lakini nimeshakuumiza mara moja, sitaongeza uongo juu yake. Muulize mkeo, kaka. Na wewe, mama, nisamehe, mjibu."

Mtaani mtu alikuwa anaburuta kitu cha bati, na sauti ile ilipita dirishani ikaenda zake.

"Ni muda gani?" Bwana Mita aliuliza, akimtazama mkewe sasa.

"Walisema wiki mbili," mke akajibu. "Labda tatu. Jumatatu hiyo."

"Jumatatu ipi?"

"Iliyopita. Si hii."

Akahesabu. Tuliona midomo ikicheza. Kisha akaugeuzia ukuta uso wake, taratibu, maana hata kugeuka kulikuwa kazi, akasema, "Tokeni. Wote."

Uani mke alimshika mama mdogo mkono juu ya kiwiko, akakaza. "Siku zote hizi nimecheka na mtu huyu nikiwa na jiwe kifuani. Nimemwambia kesho tutafanya hivi, mwakani tutafanya vile. Alikuwa analala kama mtoto! Wewe na gundi yako mmevunja kwa dakika moja nilichokijenga siku zote hizo."

Mama mdogo hakujitetea. Wala hakumtaja katibu. Alisimama akashikwa mpaka mkono ulipoachiwa wenyewe.

Jumamosi hakusafiri. Nilimwambia tiketi ipo, sanduku limefungwa, na pale alipo hana la kufanya zaidi ya kujitesa. Akasema hawezi kukimbia wiki aliyofanya vile. Alimpigia binti yake akamwambia atachelewa siku tatu nne, kuna mgonjwa. Binti akauliza, "Ndugu yetu?" Akajibu, "Hapana." Jumapili adhuhuri mtoto akazaliwa, wa kiume, kwa upasuaji, na mkono ulioshikwa pale hospitali ulikuwa wa jirani. Mkwewe ndiye aliyetupigia. Mama mdogo alishangilia kwa sauti kubwa kwenye simu, na alipoikata alikaa akiutazama ukuta.

Jumatatu ndipo Bwana Mita alipompigia mwenyewe.

"Njoo na vifaa vyako," alisema.

Alikwenda na mkoba: karatasi, rula, kalamu, ufutio. Mke alimfungulia mlango bila kumtazama na akarudi kwenye cherehani. Mgonjwa alikuwa macho.

"Nikwambie ukweli, dada?" alianza. "Wiki iliyopita nilikuwa mgonjwa. Sasa mimi ni mgonjwa anayeogopa. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Sijui kama ungenitendea wema zaidi kwa kunidanganya."

"Hata mimi sijui."

"Basi tuko wawili." Akautazama mkoba wa vifaa. "Lakini mtu anayeogopa hukumbuka mambo. Una kadi za kuomba radhi?"

"Ninazo. Za mume na mke. Zina maua mekundu."

"Sitaki maua. Ni kwa kaka yangu."

Hapo ndipo mama mdogo alipojua kwamba ana kaka. Alikuwa mkubwa wake, seremala, kwenye mji ulio mwendo wa saa mbili kwa basi. Walikuwa hawajazungumza kwa miaka tisa. Bwana Mita akaanza kumtajia maneno ya kuandika: "Ndugu yangu mpendwa, kuhusiana na yale yaliyotokea kati yetu, na kwa kuzingatia kwamba..."

Mama mdogo akaiweka kalamu chini. "Hiyo ni barua ya ofisi. Kwani ulimfanyia nini?"

Akamweleza. Mama yao alifariki yeye akiwa mafunzoni, mbali. Kaka yake alimsubiri siku moja, ya pili wazee wakasema inatosha. Alifika jeneza likishushwa. Hakumwona mama yake usoni. Jeneza lile kaka yake alilitengeneza mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mbao alizokuwa nazo karakana, maana muda haukutosha kutafuta nyingine.

"Na mimi nikasimama pale mbele za watu wote," alisema Bwana Mita, "nikamwambia kwamba hata mbwa hazikwi kwenye mbao zile."

Mlio wa cherehani sebuleni ulikuwa umesimama. Mkewe hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo yote. Kwake alikuwa amesema tu kwamba waligombana.

"Na mbao zilikuwaje?" mama mdogo aliuliza.

"Zilikuwa nzuri. Aliziranda mpaka zikang'aa. Niliona. Ndiyo maana nilisema vile, kwa sababu niliona."

"Basi hilo ndilo tutakaloandika."

Alichagua karatasi nzito ya rangi ya chai ya maziwa, akaikunja mara moja, hakuweka jani wala utepe. Aliandika alichoambiwa, na kilikuwa kifupi: *Kaka, nilisema jeneza la mama lilikuwa la mbao za mbwa. Nilisema uongo. Lilikuwa zuri na nililiona. Naumwa, sitapona. Nisamehe.* Chini yake akamshikisha kalamu mwenyewe aandike "Mdogo wako". Neno likapanda mlima na kushuka. Mama mdogo, ambaye huchana kadi nzima kwa sababu ya nukta moja iliyovuja, aliiacha hivyo hivyo.

Aliipeleka kwa mkono wake, kwa basi la asubuhi. Hakutaka kuituma kwa mtu. Karakana aliikuta nyuma ya duka la vioo, sakafu imefunikwa maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Seremala alikuwa mtu mnene, mwenye nyusi zilizojaa vumbi la mbao, na alifanana na mdogo wake sauti tu. Alipoambiwa kadi imetoka kwa nani, alinawa mikono kwanza kwenye ndoo, akaikausha kwa shati, ndipo akaipokea. Aliisoma amesimama. Maneno yalikuwa machache, lakini alikaa nayo muda mrefu. Kisha akafungua droo ya misumari, akaiweka humo, akafunga.

"Mwambie nimeipata," alisema, akashika randa.

Mama mdogo alisubiri. Randa ikaenda, ikarudi.

"Hakuna neno jingine, baba?"

"Mama, nimekaa na neno lile miaka tisa. Usinipe dakika tano."

Akarudi na hayo. Mgonjwa alikuwa akimsubiri, amevaa shati safi. Mama mdogo alikiri kwamba njiani ndani ya basi alishatunga maneno mazuri ya kumpelekea, alikuwa fundi wa maneno bwana, angeshindwa vipi? Lakini alipofika akasema lile aliloambiwa, na la dakika tano pia.

Bwana Mita akafumba macho. "Ana haki," akasema.

Zikaja siku za kusubiri. Mama mdogo alikuwa akienda kila baada ya siku moja, anakaa kibarazani, haingii asipoitwa. Kila geti lilipolia, mgonjwa alifumbua macho. Siku ya nane mke alitoka na beseni la nguo, akalitua, akasema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Umeona? Kwanza ulimpa hofu. Sasa umempa na kusubiri."

Siku ya kumi na moja, kabla ya adhuhuri, gari dogo la mizigo likasimama nje. Seremala akashuka na boksi la vifaa, mbao nne zimefungwa kamba begani. Akawasalimu wanawake, akamwita mke wa mdogo wake "shemeji" kama aliyemwona jana, akaingia moja kwa moja chumbani. Kibarazani, mimi na mama mdogo tulisikia yote kupitia dirishani.

"Unalalaje kwenye kitanda hiki?"

"Vibaya," alijibu Bwana Mita.

"Naona. Sogea."

Akapima. Akatoka uani, akafanya kazi karibu saa tatu, akikata na kuranda na kupigilia, hakula, hakutaka maji. Alichotengeneza ni egemeo lililolala kidogo, lenye mikono miwili pembeni, la kumwezesha mtu kukaa bila kuteleza mitoni. Akaliingiza, akalifunga kitandani, akamnyanyua mdogo wake kama mtu anayebeba karatasi iliyolowa, akamweka. Bwana Mita akapitisha kiganja juu ya ule mkono wa mbao.

"Mbao gani hizi?"

"Za mbwa," alisema seremala.

Mke aliyekuwa mlangoni alijishika kifua. Halafu Bwana Mita akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka kaka yake akambeba kichwa kwa mikono miwili, na kicheko hakikuisha, ila wakati fulani kiligeuka, na tukatambua kwamba anayelia kwa sauti si mgonjwa, ni seremala.

Mama mdogo aliinuka, akachukua mkoba wake, tukaondoka bila kuaga.

Bwana Mita hakuishi wiki mbili wala tatu. Aliishi majuma saba. Sitasema yalikuwa majuma ya amani, maana si kweli. Kuna asubuhi aliamka akimng'ang'ania mkewe mkono na kumwomba asitoke hata kwenda jikoni. Kaka yake alifunga karakana, akalala kwenye godoro chini kando ya kitanda kile mpaka mwisho. Alipofariki, ofisi ilinunua kadi ya dukani. Katibu hakuthubutu kupiga simu, na mama mdogo hakuwa tayari kuombwa.

Alikwenda kumwona mjukuu akiwa na miezi miwili. Binti alimpokea vizuri, akampikia, akamtandikia. Lakini hadi leo wakigombana juu ya jambo dogo lolote, utasikia: "Siku ile nilipokuhitaji..." na sentensi huachwa hapo hapo.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mke wa Bwana Mita alikuja chumba kile cha mbele. Nilikuwa nasaidia kufuta penseli kwenye kadi za mahafali. Alikataa kiti, kisha akakaa.

"Sikuja kukusamehe," alisema.

"Sawa, mama."

"Kaka yake alikuja kwa sababu yako. Watoto wamempata baba mkubwa. Hilo nalijua na nakushukuru. Lakini nilikuwa na mume asiyeogopa, na ningekuwa naye hivyo mpaka mwisho. Ulinichukulia huyo. Nimejaribu kuyaweka pamoja, moja lifute lingine. Hayafutiki."

Mama mdogo alikuwa na kisu cha karatasi mkononi. Akakilaza mezani, makali yakielekea kwake.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuchukulia."

Mke yule alikaa kidogo zaidi, akaangalia kadi zilizopangwa dirishani kukauka, akaomba maji ya kunywa. Akanywa yote. Kisha akaenda kuwahi wateja wake wa sare.

Wanakutana mara nyingi, mtaa wetu si mkubwa. Wanasalimiana kwa ukamilifu, wanaulizana watoto, hujambo, sijambo, huko je. Hakuna anayelikwepa jicho la mwenzake. Ila hakuna anayesimama.